MAMBOYA: TUKITAZAMIA MECHI ZA MCHUJO KUTOKA VILIMA VYA UKAGURU

Ndugu msomaji, msimu wa kandanda unapoelekea ukingoni, gumzo la vijiweni, la ndani ya daladala na la kantini za viwandani huwa ni moja tu: nani atatwaa ubingwa, Simba au Yanga? Watani hao wa jadi huzungumzwa asubuhi, mchana na jioni. Lakini ukishusha macho mpaka chini ya msimamo wa ligi utaona vita nyingine, isiyo na matarumbeta wala sherehe ya kombe. Hiyo ni vita ya mechi za mchujo, zinazoamua ni timu gani itabaki Ligi Kuu, ipi itashuka daraja, na ipi itapanda kutoka chini.

Leo nakuomba uzitazamie mechi hizo ukiwa mahali ambapo pengine hukupata kupafikiria hata mara moja: Mamboya, katika vilima vya Ukaguru, wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro.

Utauliza, Mamboya na mchujo wapi na wapi? Ni kweli kwamba Mamboya haina timu ya Ligi Kuu, wala jina lake halisomwi kwenye kurasa za michezo. Hata hivyo, zipo sababu tatu za kukupeleka huko. Kwanza, Mamboya yenyewe ilipata kuwa juu, kisha ikashuka. Pili, si mbali na hapo kuna timu ya kiwanda iliyopanda mpaka kileleni, ikaanguka mpaka chini, na ikasimama tena. Tatu, njia ya zamani iliyopita Mamboya ilikwenda mpaka Buganda, nchi ya mababu wa kijana mmoja aliyeshinda mechi kubwa kuliko zote za mtoano nchini Marekani. Tufunge safari.

NJIA PANDA

Safari huanzia Morogoro mjini. Ukipanda basi liendalo Dodoma unaiacha milima ya Uluguru nyuma yako, unavuka mto Wami pale Dakawa penye mashamba ya mpunga, na baada ya muda unaingia Dumila na jirani yake Magole. Hapo basi hupunguza mwendo, na wachuuzi hulizunguka wakiinua nyanya na vitunguu mpaka usawa wa madirisha. Usilale. Tazama pande zote, maana hii ndiyo njia panda ya makala yetu.

Upande wa kaskazini barabara huelekea Turiani, kwenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Upande wa kusini barabara nyingine hupita Rudewa mpaka Kilosa mjini, makao makuu ya wilaya, penye reli. Mbele yako ni Dodoma, na kabla ya Dodoma ni milima ya Ukaguru. Miwa, reli na milima: mambo hayo matatu ndiyo yaliyopanga maisha ya watu wa sehemu hizi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wenyeji wa Dumila hawajasahau Januari 2014. Mafuriko yaliikata barabara kuu, daraja likaharibika, na magari yaendayo Dodoma na mikoa ya ziwa yakakwama. Mahali ambapo jana palikuwa njia ya nchi nzima, leo pakawa mwisho wa safari. Weka jambo hilo akilini, maana tutalirudia tukifika kwenye kandanda.

KITUO CHA WAPAGAZI

Ukiendelea mbele unapita Magubike, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia katika nchi ya vilima. Hewa hubadilika. Joto la bonde linabaki chini, na mashamba ya mahindi na maharage yanapanda miteremko. Hapa ndipo kwa Wakaguru, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na ambao kama majirani zao wengi wanalo jambo kubwa la utani. Kwao utani si mzaha mtupu. Mtani anaweza kukukejeli mbele za watu, lakini msiba ukiingia nyumbani kwako yeye ndiye wa kwanza kushika kazi. Tunaposema Simba na Yanga ni watani wa jadi, tumeazima neno kutoka kwenye desturi ya namna hii, na ingefaa tukumbuke nusu yake ya pili.

Katika karne ya kumi na tisa, Mamboya ilikuwa kituo kinachojulikana na kila msafara. Wapagazi waliotoka Saadani, kule pwani, walikata nyika na mabonde, wakapanda vilima hivi, na hapa wakapata maji, chakula na mapumziko. Mbele yao ilikuwa Mpwapwa, na baada ya Mpwapwa ilikuwa nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, ambayo ilibidi kuikata kabla ya kufika Ugogo. Msafara uliopumzika vizuri, ukanunua posho ya kutosha na kutazama afya za watu wake, ulivuka. Uliokwenda kwa pupa uliujutia uzembe wake mahali pasipokuwa na tone la maji.

Wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society walifungua kituo hapa mwaka 1880. Joseph Last aliishi Mamboya na kujifunza lugha ya Kikaguru, akaiandikia kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 1886. Mkewe, Annie, alifariki hapa mwaka 1883. Mwaka 1882 alipita James Hannington katika safari yake ya kwanza ya bara. Miaka mitatu baadaye alichagua njia nyingine, ya Umasaini, na akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Aliishi hapa pia John Roscoe, ambaye baadaye alikwenda Buganda na kuandika juu ya mila za Waganda kitabu kilichotoka mwaka 1911.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ungesimama Mamboya mwaka 1885 ungekuwa umesimama katika barabara kuu. Habari za pwani zilipita hapa kwenda Buganda, na habari za Buganda zilipita hapa kwenda pwani.

HATA MAHALI HUSHUKA DARAJA

Kilichoishusha Mamboya si uvivu wa watu wake. Ni reli. Wajerumani walipoijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, waliipitisha Kilosa na kufuata bonde la mto Mkondoa, mpaka ikafika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani kwa miezi sasa ulisafirishwa kwa siku chache. Wapagazi wakatoweka njiani. Kilosa ikapanda, Mamboya ikashuka, na hakuna aliyewauliza Wakaguru wa vilimani maoni yao.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Kilosa nayo ikaja kuonja uchungu huo. Barabara kuu ya kwenda Dodoma ilipita Dumila. Ile ya kwenda Iringa na Zambia ilipita Mikumi, ikikata hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Kilosa ikabaki katikati, ikitegemea treni. Kisha mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakabomoa nyumba na kuing'oa reli yenyewe, na watu maelfu wakaishi kwenye mahema.

Leo upepo umegeuka tena. Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, ina kituo Kilosa, na imetobolewa mahandaki katika milima ya upande huo. Mji uliokwisha kuitwa wa zamani umerudi kwenye ramani ya wasafiri.

Hayo ndiyo mambo ya mahali. Mahali hupandishwa na kushushwa na maamuzi yanayofanywa mbali. Timu ya kandanda ina bahati moja ambayo Mamboya haikuipata mwaka 1914: inapewa dakika 90 nyumbani na 90 ugenini za kujitetea.

MIWA NA KANDANDA

Sasa turudi njia panda na kushika barabara ya Turiani. Baada ya mashamba ya kawaida unaingia katika bahari ya miwa, na ndani ya miwa kuna uwanja wa Manungu, nyumbani kwa Mtibwa Sugar.

Klabu hii ya kiwanda iliundwa mwaka 1988. Miaka 11 baadaye ilikuwa bingwa wa Tanzania, na mwaka 2000 ikautetea ubingwa wake. Fikiri uzito wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2001 mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25, kombe la ligi halikutoka mikononi mwa Simba, Yanga na Azam, klabu tatu za Dar es Salaam. Katika muda huo wote, timu ya mwisho ya mikoani kutwaa ubingwa ilibaki kuwa ile ya wakata miwa wa Turiani. Mwaka 2018 iliongeza Kombe la Shirikisho, ikiishinda Singida United 3-2 mjini Arusha.

Nyuma ya mabao hayo kuna kaya nyingi. Katika mji wa kiwanda, timu si burudani ya mwisho wa wiki tu. Siku ambayo Simba au Yanga wanakuja, mama lishe huchemsha sufuria mbili zaidi, nyumba za wageni hujaa, bodaboda hazipumziki, na mtoto wa mkata miwa humwona kwa macho yake mchezaji ambaye angemsikia redioni tu. Timu ikishuka daraja, siku hizo hupungua. Hiyo ndiyo maana ya kushuka daraja kwa watu wasiokuwa na hisa katika klabu wala kiti katika kamati.

Mtibwa ilipata onyo mapema. Mwaka 2021 ilijikuta katika mechi za mchujo, ikalazimika kupambana na Transit Camp ili ibaki Ligi Kuu. Ilishinda, ikabaki. Lakini kuvuka mchujo si kupona ugonjwa. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 mabingwa wale wa zamani walimaliza wa mwisho kabisa, na aliye wa mwisho hapewi hata mchujo. Wakateremka.

Hapo ndipo wengi walidhani hadithi imekwisha. Haikwisha. Msimu wa 2024/25 Mtibwa walicheza ligi ya daraja la pili kwa ngazi, inayoitwa Championship, wakaibeba na kurudi Ligi Kuu moja kwa moja pamoja na Mbeya City. Na tazama mambo ya dunia: katika msimu ule ule ambao timu ya sukari ya Morogoro ilikuwa ikipanda, timu ya sukari ya Kagera ilikuwa ikishuka. Mecky Mexime, aliyekuwa mchezaji wa Mtibwa katika enzi ya ubingwa, amepata kuzifundisha timu zote mbili. Yeye haihitaji makala hii ili ajue kwamba kutangulia si kufika.

MECHI ZENYEWE ZIKOJE

Kwa kuwa wasomaji wengi wameniuliza utaratibu wa mchujo, na uupate hapa kama ulivyotumika katika misimu ya 2023/24 na 2024/25.

Ligi Kuu ina timu 16. Za 15 na 16 hushuka bila majadiliano. Ya 13 na ya 14 hukutana nyumbani na ugenini. Mshindi hupumua na kubaki. Aliyeshindwa hapewi rambirambi bado. Hupewa nafasi moja zaidi. Huko chini, timu ya 3 na ya 4 za Championship nazo hupambana zenyewe kwa zenyewe. Kisha yule aliyeshindwa juu na yule aliyeshinda chini hukutana, nyumbani na ugenini, na nafasi ni moja tu.

Mwaka 2025, kwa mfano, Tanzania Prisons na Fountain Gate walikutana huku juu, na Prisons wakabaki. Huku chini Stand United ya Shinyanga iliitoa Geita Gold, ambayo ilikuwa imeshuka mwaka mmoja tu uliopita na ilikuwa na kiu ya kurudi. Fountain Gate wakapambana na Stand United, na Fountain Gate wakaokoka.

Katika kutazamia mechi za namna hii, tazama aina tatu za mapambano. Ya kwanza ni ya wawili walioumia, yule wa 13 na wa 14. Hapo kandanda huwa ya hofu. Kila mmoja huogopa kufungwa kuliko anavyotamani kufunga. Ya pili ni ya wawili wenye njaa, wale wa Championship. Hapo mpira huchezwa kwa kasi na ari. Ya tatu, na ndiyo tamu kuliko zote, humkutanisha mwenye hofu na mwenye njaa. Mwenye hofu amezoea mikiki ya Ligi Kuu, lakini anatoka katika msimu wa kushindwa na mara nyingi ana wachezaji waliokwisha kukata tamaa. Mwenye njaa ametoka kushinda, lakini hajakutana na washambuliaji wa ngazi ile. Ukitaka kubashiri, usihesabu nyota. Hesabu magoli ambayo kila timu imefungwa katika mechi zake za mwisho, maana katika mchujo mlango mbovu huonekana kabla ya mshambuliaji hodari.

WENZETU WA MAREKANI

Kuna mtoano mwingine ambao vijana wa mjini wameanza kuufuatilia kwenye simu zao, nao ni ule wa mpira wa Kimarekani, mpira wa mviringo wa yai unaobebwa mikononi. Timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na hupewa majaribio 4 kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, inaukabidhi mpira kwa wapinzani.

Ligi yao, NFL, ina timu 32. Tangu msimu wa 2020, timu 14 huingia mtoano, 7 kutoka kila kundi kuu. Ya kwanza katika kila kundi hupumzika raundi ya awali. Ya 2 hucheza na ya 7, ya 3 na ya 6, ya 4 na ya 5, na iliyopangwa nafasi ya juu zaidi hucheza nyumbani. Hakuna marudiano. Ni mechi moja, anayeshindwa anakwenda zake nyumbani. Wawili wa mwisho hukutana Februari katika Super Bowl. Anayetaka kuitazama hapa kwetu hana budi kukesha, maana mpira huanza kama saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mechi za awali za Januari ni nafuu: nyingine huanza saa 3 usiku wa Jumapili.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kuliko tofauti ya umbo la mpira. Huko Marekani hakuna anayeshuka daraja. Timu iliyomaliza ya mwisho hubaki ligini mwaka ujao, tena hupewa haki ya kuchagua kwanza vijana wapya wanaotoka vyuo vikuu. Mtoano wao huamua nani atavikwa taji. Mchujo wetu huamua nani atafukuzwa nyumbani.

Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza utasema wenzetu wana huruma. Tafakari zaidi. Mlango ambao haumtoi aliye ndani haumwingizi aliye nje. Kama ligi yetu ingefungwa kwa utaratibu huo mwaka 1987, Mtibwa isingeingia kamwe, na Manungu pangebaki mahali pa miwa tu. Ukali wa mchujo ndio ulio tumaini la mji mdogo.

Hata huko Marekani mji mdogo wenye timu ni mmoja wa ajabu. Green Bay, katika jimbo la Wisconsin, una wakazi wapatao laki moja tu, nao una timu iitwayo Packers. Ilianzishwa mwaka 1919 na Curly Lambeau, mfanyakazi wa kampuni ya kusindika nyama ambayo ilitoa fedha za sare. Jina la timu ni la wale wasindikaji. Mpaka leo haina tajiri mmoja anayeimiliki. Wenye hisa ni wananchi wa kawaida, na hisa hizo hazilipi faida. Mfanyakazi wa Turiani akisikia habari hiyo hahitaji kutafsiriwa.

MJUKUU WA KIWANUKA

Sasa ile sababu ya tatu. Katika njia ile ya zamani, waliopumzika Mamboya walitarajia kufika Buganda. Kutoka Buganda alitokea Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Alipokuwa Jaji Mkuu, mwaka 1972, askari wa Idi Amin walimkamata katika jengo la Mahakama Kuu, na akauawa. Familia yake ilitawanyika. Mjukuu wake Mathias alizaliwa mwaka 1983 huko Indianapolis, Marekani, akakua na kuwa mlinzi hodari katika mpira wa Kimarekani. Mwaka 2006 alichaguliwa na New York Giants.

Msimu wa 2007 Giants waliingia mtoano bila kupewa nafasi. Walicheza mechi zote tatu za awali ugenini. Moja ya hizo ilikuwa Green Bay, Januari 2008, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na wakashinda 23-20 baada ya muda wa nyongeza. Katika Super Bowl walikutana na New England Patriots, ambao walikuwa wameshinda mechi 18 mfululizo, wakawafunga 17-14. Mathias Kiwanuka hakucheza. Mguu wake ulikuwa umevunjika mwezi Novemba. Alitazama pembeni wenzake wakivuka.

Miaka minne baadaye Giants walirudi tena kwa njia nyembamba. Walikuwa wameshinda mechi 9 na kushindwa 7 katika ligi. Wakawatoa Atlanta, wakawatoa Green Bay kwao, wakawatoa San Francisco. Fainali ya tarehe 5 Februari 2012 ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa Mathias. Safari hii alikuwa uwanjani. Giants 21, Patriots 17.

Mjukuu wa mtu aliyeuawa kwa sababu ya kusimamia sheria aliinua kombe katika mji uliowapokea wazazi wake. Simulizi hiyo si ya Mamboya, lakini ni ya njia ile ile: wako wanaovuka kwa sababu waliotangulia hawakukubali kurudi nyuma.

NYUMBANI KWAKO

Makala haya yako katika kurasa za familia, kwa hiyo sina budi kusema neno moja la nyumbani. Siku za mchujo na mtoano ni siku za mavuno kwa makampuni ya kubahatisha. Kijana hupanga mkeka wake, baba naye kwa siri hupanga wake, na fedha ya unga wa wiki huingia katika mguu wa mchezaji ambaye hawajapata kumwona. Kumbuka niliyoyasema: mechi ya mchujo huchezwa na watu wenye hofu. Hakuna mechi ngumu kubashiri kama hiyo. Giants wa mwaka 2008 waliwakata vilemba wataalamu wote. Ikiwa wao walikosea kwa kazi yao ya kila siku, wewe unayetoka kazini umechoka utaijuaje siri hiyo?

Afadhali fedha hiyo iwe nauli. Chukua watoto siku moja, uwaonyeshe njia panda ya Magole. Wapeleke Manungu wakaone timu ilivyozungukwa na miwa. Wapandishe Ukaguru, wasimame Mamboya, uwaeleze kwamba hapa palikuwa barabara kuu ya nchi kabla reli haijachagua bonde. Watajifunza jiografia na historia kwa siku moja, na pia watajifunza jambo ambalo shuleni ni gumu kulifundisha: kwamba kuwa juu si hati ya kumiliki, na kuwa chini si hukumu ya milele.

Mchujo haumpi mtu nguvu asiyokuwa nayo. Msafara haukununua posho katikati ya Marenga Mkali, ulinunua kabla. Timu nayo haijengwi katika dakika 180 za mwisho wa msimu. Hujengwa katika mazoezi ya Agosti, wakati hakuna kamera wala mashabiki. Mtibwa ya mwaka 2021 ilivuka bila kujirekebisha, ikaanguka. Mtibwa ya mwaka 2024 ilianguka, ikajirekebisha, ikarudi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walinena, nasi tuongeze kwamba akubaliye kushindwa asikubali kulala.

Basi, ndugu msomaji, msimu utakapofika ukingoni na bingwa akatangazwa, usizime redio. Subiri majuma mawili zaidi. Msikilize mtangazaji akitaja majina ya miji ambayo huitaji kila siku, na umwulize mwanao kama anajua kila mmoja ulipo. Asipojua, fungueni ramani pamoja. Anzeni na Dumila, halafu mtafute Turiani, Kilosa na Mamboya.